Vikombe Vinne vya Livio

Kiinua mgongo chake Livio alikimalizia jikoni.
Kwanza mizani inayopima hadi sehemu ya kumi ya gramu,
kisha birika lenye shingo ya korongo,
kisha kinu cha chuma, kizito kama mtoto wa miaka miwili,
na mwisho mashine yenyewe, vishikizo viwili, saa mbili za mvuke,
ikapandishwa ngazi na vijana watatu wakitweta
hadi orofa ya nne, Trieste, Jumanne ya upepo.

Miaka thelathini na moja aliendesha winchi bandarini,
akishusha magunia ya buni ya watu wengine.
"Sasa," alisema, "zamu yangu."

Mlango wa pili anakaa shemeji yake, Nerina.
Ana kibirika cha aluminiamu cha pembe nane;
mkono wake uliungua mwaka usiokumbukwa na mtu,
ukafungwa waya.
Hakioshi kwa sabuni.
Kijiko chake cha kupimia kimepinda.
Maji anayasikiliza tu.

Ubishi ulianza mezani, mbele ya wageni.
"Chombo ndicho kahawa," Livio alisema.
"Basi mbeleko ndiyo mtoto," Nerina akajibu,
akaendelea kumenya chungwa.

Mimi naishi orofa ya pili, kazi yangu kulinganisha sauti za piano.
Wakanifanya hakimu:
eti kwa kuwa nasikia yasiyosikika,
ulimi wangu nao lazima una masikio.
Sikubisha. Kahawa ya bure haina mbishi.

Jumapili, saa nne asubuhi,
nikafungwa macho kwa kitambaa chenye harufu ya pasi.
Mpwa wao Edda akavipanga vikombe,
kila kimoja na kibandiko chini ya kitako.

Cha kwanza kilikuwa kikali, kama kulamba ufunguo.
Cha pili nilikisahau kabla sijakimeza.
Cha tatu kilikaa.
Kilianza na uchungu wa ganda la lozi,
kikageuka, kikaniachia kitu kama cheri zilizokaushwa,
nami nikanyamaza kuliko ilivyohitajika.
Cha nne kilikuwa ndugu yake wa tatu, ila hakikuwa na mkia.

"Cha tatu," nikasema.
Edda akakiinua, akasoma: Nerina.

Livio akaizima mashine. Ikashusha pumzi ndefu kwa niaba yake.
Lakini Nerina hakushangilia, na hilo ndilo lililonitia shaka.
Alikuwa anakitazama kinu.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayerudisha deni:
"Nilisagia hapa. Ulipokwenda kununua maziwa. Ufunguo ninao."
Kimya.
"Ni wiki ya tatu sasa."

"Basi ni kinu!" Livio akaruka. "Ni chombo!"
"Kinu, nakubali," akasema. "Si hilo garimoshi."

Waligeuka wote wawili kunitazama, kana kwamba nina muhuri.
Ningewaambia nini?
Nimewahi kulinganisha piano ya bei ya nyumba
ikalia kama sanduku la misumari,
na nyingine, iliyolala miaka karakanani kati ya matairi,
ikaimba hadi mwenyewe akatafuta kiti.
Lakini nyundo iliyokwisha sufi ni nyundo iliyokwisha,
hata apige malaika.
Kuna kifaa kinachogusa kitu chenyewe,
na kuna kifaa kinachogusa mfuko, na majirani.
Kuvitofautisha kunagharimu fedha kwanza.
Hilo sikulisema; nilikuwa namalizia cha tatu.

Siku hizi paka amehamia juu ya mashine, kwa sababu ya joto.
Saa kumi na mbili na nusu alfajiri, kitandani, nakisikia kinu:
kinasaga mara moja, kirefu, kiasi cha watu wawili.
Kisha mlango. Kisha mlango mwingine.
Kisha Livio anatukana kwa sauti ya chini,
kwa kuwa mkono ule wa waya bado unaunguza.